Mti Haulali Mpaka Waonekane Wote

Saa kumi na mbili asubuhi imepita kidogo tu, na umande bado unadondoka kutoka kwenye misonobari. Watu wanane wamesimama kwenye uwazi mdogo pembeni ya barabara ya magogo, wamevaa buti nzito na kofia ngumu, kila moja na rangi yake. Mbele yao anasimama mtu mmoja mfupi, mwenye mabega mapana na ndevu za mvi. Anapuliza filimbi mara moja, ananyanyua kitambaa chekundu juu ya kichwa, kisha anaanza kuwatazama usoni, mmoja baada ya mwingine.

Mikono inapanda. Anawahesabu kwa kidole, taratibu, kama mwalimu asiyewaamini wanafunzi wake. Akimaliza wa nane, anamgeukia mwandishi wa habari hii.

"Na wewe je?"

"Mimi mgeni tu, mzee."

"Mti haumjui mgeni. Inua mkono. Leo wewe ni wa tisa. Kuingia unahesabiwa, kutoka unahesabiwa. Tumeelewana?"

Tumeelewana. Mkono unapanda, na hapo ndipo kitambaa kinashushwa na misumeno ya mnyororo inaanza kunguruma.

Huyo ndiye Itikeni. Jina alilopewa na wazazi wake lipo kwenye kitambulisho, lakini msituni halijasikika kwa miaka mingi. Ana umri wa miaka hamsini na minne. Thelathini na mmoja kati ya hiyo ameitumia akiangusha miti, na kumi na minne ya mwisho amekuwa kiongozi wa kikosi, au nyapara, kama vijana wake wanavyopenda kumwita wakitaka kumchokoza.

Leo si siku ya kumchokoza. Leo ni Ijumaa ya mwisho ya majaribio ya wiki nne. Kikosi chake kinatakiwa kuangusha miti arobaini kabla ya saa kumi jioni, kwa utaratibu wake mpya wa mikono, bila mtu kuumia. Wakitimiza, Itikeni anabaki na kikosi chake. Ukipungua hata mti mmoja, Jumatatu anahamishiwa getini kuhesabu malori, kwa mshahara usiofika nusu ya huu wa sasa.

"Getini kuna kiti na kivuli," anasema. "Watu wananiambia, mzee, kubali, ukapumzike. Nawaambia, mimi sijachoka. Mimi masikio tu ndiyo yamechoka."

Naam, masikio. Ndiyo chanzo cha yote haya.

Alianza kazi akiwa na miaka ishirini na mitatu, enzi ambazo vizibo vya masikio vilikuwa vitu vya kuonekana kwenye picha ukutani. Waliochukia kelele walijiziba kwa vipande vya matambara. Yeye hakujiziba kabisa. Anakiri mwenyewe kwamba ulikuwa ujana: alitaka kuisikia mashine yake inavyolia, ajue kama imekula mafuta vizuri.

"Nilikuwa naringa," anasema. "Sasa naringia nini? Mke wangu akinong'ona, mimi ndiye wa mwisho kujua kwamba amenong'ona."

Mkewe, fundi wa cherehani, ana lake la kusema. Nyumba yao ina vyumba vitatu na sebule ambayo nusu yake imejaa vitambaa vya wateja. Redio imekaa juu ya kabati, na kitufe cha sauti kimechakaa kwa kuzungushwa upande mmoja.

"Taarifa ya habari tunasikia sisi, anasikia jirani, anasikia na jirani wa jirani," anasema mama huyo huku akikata uzi kwa meno. "Mwenye redio ndiye anayeuliza, wamesemaje? Nilimwambia miaka mitano, baba, nenda kapimwe. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu asiyesikia la mke alimvunja mwenzake mtulinga wa bega."

Anacheka, kisha anairudia cherehani yake. Maneno hayo bado yanauma.

Ili kuelewa yanavyouma, lazima kwanza kujua jina la Itikeni lilitoka wapi. Miaka ya nyuma, kabla hajawa kiongozi, mwenzao mmoja alijitenga kwenda haja bila kuaga, na mti ukaangushwa upande ule ule. Aliponea kwenye tundu la sindano. Itikeni alipopewa kikosi chake mwenyewe, aliweka sheria moja isiyo na mjadala: msumeno haugusi gome mpaka aite "Itikeni!" na kila mtu, kwa zamu yake, ajibu "Nipo!" Nipo nane, mti unaanguka. Nipo saba, hakuna kazi.

Kwa miaka kumi na mitatu hakuumia mtu. Vikosi vingine viliumiza watu, na kimoja kilizika. Cha Itikeni kilikuwa kikirudi nyumbani kizima, na wafanyakazi wapya walikuwa wakiomba kupangwa kwake.

Kisha ikaja asubuhi moja ya mwaka jana.

Namba sita katika kikosi ni mfunga minyororo, mtu anayefunga magogo ili trekta liyavute mpaka barabarani. Wanamwita Kimya, na hawakukosea. Ni mrefu, mwembamba, na akiongea ni kama anaomba radhi. "Nipo" yake haikuwahi kuvuka miti miwili. Namba saba, mama mmoja mpima magogo anayeitwa Mama Pacha, alishazoea: namba tano akijibu, yeye huhesabu pumzi moja ya Kimya, kisha anajibu lake.

"Tulikuwa tunamwachia nafasi yake," anaeleza Mama Pacha. "Nafasi ikipita, mimi naitika. Hata leo ukiniuliza sauti ya Kimya ikoje, nitakudanganya."

Asubuhi hiyo Kimya alikuwa amerudi chini ya mteremko kufuata ndoano ya mnyororo aliyoisahau. Itikeni akaita. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Ikapita ile nafasi. Saba, nane. Itikeni akashusha mkono, msumeno ukaingia, na msonobari wa mita ishirini na tano ukaenda chini.

Shina halikumgusa. Tawi ndilo lililomfikia, likapasua kofia yake na kumvunja mtulinga. Walipomkuta amekaa kwenye majani, ameushika mkono wake kama mtu aliyebeba mtoto, hofu ilimtoka Itikeni kama hasira.

"Nilimfokea," anasema, akitazama buti zake. "Mtu amevunjika mfupa, mimi namfokea. Kwa nini hukuitika? Kwa nini unaondoka bila kuitika? Akanitazama tu. Akasema, 'Nyapara, kwani wewe umenisikia lini?'"

Itikeni alikaa chini palepale. Alijaribu kukumbuka siku moja, moja tu, aliyoisikia sauti ya Kimya msituni, asiipate. Kwa miaka minne alikuwa amehesabu watu wanane kila mti, na mmoja kati yao hakuwa mtu.

"Nilihesabu nafasi," anasema. "Nilihesabu mazoea. Mtu mwenyewe sikumhesabu."

Angeweza kunyamaza. Kila mtu alikuwa tayari kumtupia Kimya lawama. Si yeye aliyeondoka bila kuaga? Hata Kimya mwenyewe, kitandani hospitalini, alishakubali kosa. Lakini jioni ile Itikeni aliwakusanya watu wake kando ya trekta na kuwaambia kosa ni la kiongozi, kwamba sikio la kulia limekufa na la kushoto liko njiani.

Alitegemea mshangao. Hakuupata.

"Sisi tulikuwa tunajua," anasema mkata miti mkuu wa kikosi, mtu wa tambo na kicheko kikubwa, ambaye wenzake humwita Kabari. "Mwaka wa tatu ule tunapiga kelele kwa ajili yake. Ukiitika, unatoa sauti ya shambani, ili mzee asikie. Tungefanyaje? Umwambie mkubwa wako hasikii? Ni aibu. Tukamfichia."

Itikeni, anavyosimulia Kabari, aliwatazama usoni mmoja baada ya mwingine. Kisha akasema sentensi moja ambayo kikosi kizima kinaikumbuka mpaka leo: "Heshima yenu imetaka kuua mtu."

Kesho yake akaenda kupimwa. Siku iliyofuata, akiwa na karatasi ya daktari mkononi, akagonga mlango wa msimamizi wa msitu na kujishtaki mwenyewe.

Mkewe hakufurahi hata kidogo. Binti yao yuko mwaka wa pili katika chuo cha uuguzi, na ada haijui uaminifu. "Nilimwambia, baba, umekitia mchanga kitumbua chetu kwa mkono wako. Akaniambia, kitumbua kikiwa na damu utakila?"

Msimamizi alitaka kumpeleka getini siku ile ile. Itikeni akamwomba nafasi, akapewa majaribio ya wiki nne, yaanze Kimya akipona. Alikuwa amekesha akiwaza: kama masikio yameondoka, macho yapo. Badala ya sauti, mikono. Badala ya kuita, filimbi na kitambaa chekundu. Na zaidi ya mkono, uso. Mtu akifichwa na mti au majani, atoke mpaka kwenye uwazi, hata kama ni hatua hamsini. Asipoonekana uso, hakuna kuanza kukata.

Tatizo la utaratibu huo ni kwamba unakula muda. Kwa sauti, kikosi kilikuwa kikiangusha miti arobaini na miwili, arobaini na mitatu kwa siku. Wiki ya kwanza ya mikono waliangusha thelathini na mmoja. Kikosi kinalipwa kwa ujazo wa magogo, kwa hiyo kila mti uliopungua uliwagusa wote mfukoni, na manung'uniko hayakukosekana.

"Niliwaambia anayetaka kuhama ahame, sitamkasirikia," anasema Itikeni. "Hakuhama mtu. Kabari alinuna siku mbili, lakini Kabari akinuna ndipo anakata vizuri zaidi."

"Usimsikilize," anadakia Kabari kutoka nyuma. "Nilinuna siku nne."

Walijifunza polepole. Wakaanza kusafisha vichaka kabla ya kukata, ili watu waonekane bila kutembea. Wakapaka kofia zao rangi, kila mtu na yake. Ya Kimya, aliyerudi kazini baada ya miezi mitatu, ni ya njano kali inayoweza kuonekana kutoka mwezini. Wiki ya pili wakafika thelathini na mitano, ya tatu thelathini na minane.

Na leo ndiyo leo.

Hadi saa nne wameshalaza miti kumi na sita. Filimbi, kitambaa, mikono, uso, msumeno. Mti unapoanza kwenda, kunatoka mlio wa kukatika nyuzi ambao Itikeni hausikii, lakini anasema anausikia kwa nyayo. Ardhi inaruka kidogo, vumbi la gome linapanda, na kabla halijatua tayari wakata matawi wameshaingia.

Saa sita mti mmoja unakwama. Badala ya kulala, unaegemea mwenzake na kuning'inia hewani. Hakuna kitu wanachokiogopa wakata miti kama hicho. Kabari anatazama saa, anamtazama Itikeni, anasema wanaweza kuukata ule ulioegemewa, yote miwili ishuke pamoja, dakika tano tu.

"Dakika tano na jeneza," anajibu Itikeni. "Leta trekta."

Trekta linaletwa, mnyororo unafungwa, mti unavutwa kutoka kitakoni mpaka unateleza chini. Dakika arobaini zimekwenda. Hakuna anayelalamika, lakini chakula cha mchana kinaliwa kwa kusimama.

Ni katika kusimama huko Itikeni anajibu swali ambalo mwandishi amelibeba tangu asubuhi: kwa nini asikubali tu kiti cha getini?

"Watu husema ajali haina kinga," anasema huku akitafuna. "Mimi nimeisikia hiyo methali kwenye mazishi, na kila ninapoisikia nakasirika. Kinga ipo. Ila inachosha, ndiyo maana watu wanaikana. Mimi nikiondoka leo, atakuja kiongozi mwenye masikio mazuri, atarudisha kuitika kwa sauti, na kesho kutwa watamwachia mtu nafasi yake tena. Sitaki. Nataka mikono izoeleke kwanza, ndipo niende popote mnaponipeleka."

Saa nane, miti ishirini na minane. Saa tisa, thelathini na minne. Jasho limechora ramani kwenye mashati. Saa tisa na nusu, thelathini na saba. Hakuna tena utani. Wa thelathini na tisa unalala zikiwa zimebaki dakika kumi na moja, na Mama Pacha anapiga kigelegele kifupi kilichomtoka bila kupanga.

Mti wa arobaini umeshachaguliwa. Umenyooka, umesafishwa kila upande, na unatakiwa kulalia mteremkoni. Kwa Kabari ni kazi ya dakika nne.

Saa kumi ikifika, hakuna kukata. Hiyo ni sheria ya msitu mzima, kwa sababu upepo wa jioni huamka wakati huo.

Filimbi inalia. Kitambaa kinapanda. Mikono minane, na wa tisa wa mgeni. Kabari ameshawasha mashine. Itikeni anahesabu mpaka mwisho, kisha hashushi kitambaa.

Anatazama barabarani. Gari la msimamizi limesimama pale. Mlango wa mbele uko wazi. Dereva yumo, anapiga miayo.

"Gari hili limekuja na watu wangapi?" anauliza Itikeni.

"Wawili," anapaza sauti Mama Pacha, akinyoosha vidole viwili. "Bosi amekuja kuhesabu."

"Yuko wapi?"

Hakuna anayejua. Kabari anapiga kelele huku akionyesha saa yake. "Nyapara, zimebaki saba! Atakuwa ameenda kwenye magogo, kule juu! Tukate!"

"Umemwona?"

"Sijamwona, lakini—"

"Zima mashine."

"Nyapara, ni geti hilo! Unajua ni geti?"

"Kabari. Zima."

Mashine inazimwa. Msitu unakuwa kimya namna ambayo hata Itikeni anaonekana kuisikia. Amesimama na kitambaa juu, na hashushi. Watu wanatawanyika kutafuta. Dakika sita. Dakika nne. Mwandishi anakiri kwamba moyoni alitamani wakate tu.

Anayempata ni Kimya. Anatokea mteremkoni akiwa na kofia yake ya njano, na nyuma yake anakuja msimamizi, simu bado iko sikioni. Alikuwa chini, hatua kama ishirini kutoka kwenye mti, amekipa kisogo kikosi chote, anazungumza na ofisi. Filimbi aliisikia. Hakudhani kwamba inamhusu.

"Inua mkono, bosi," anasema Itikeni.

Msimamizi anakunja uso. "Mimi?"

"Wewe. Uko msituni."

Kwa muda mfupi haijulikani itakuwaje. Kisha msimamizi anageuka, anautazama mti, anafuata kwa macho njia ambayo ungeanguka, anafika pale alipokuwa amesimama. Anainua mkono. Itikeni anamtazama usoni, anawahesabu tena na wengine, anaitikia kwa kichwa, na sasa ndipo anashusha kitambaa.

Ni saa kumi na dakika mbili.

Msimamizi naye ametazama saa. Anasafisha koo. "Dakika mbili si kitu," anasema. "Kateni."

Kabari ameshika kamba ya kuwashia. Itikeni anatikisa kichwa.

"Saa kumi ni saa kumi, bosi. Upepo hautazami kama wewe umeruhusu. Andika thelathini na tisa."

Msimamizi anaandika thelathini na tisa. Kabari anakaa juu ya kisiki na kuficha uso kwenye viganja, na Itikeni anampiga begani, anamwambia aifute mashine kabla utomvu haujakauka. Watu wanakusanya vifaa. Kimya anakunja minyororo, na machozi yanamtoka waziwazi, wala hayafuti.

Mwandishi aliondoka kwa lifti ya gari la msimamizi. Walipofika kwenye lami, msimamizi akamuuliza dereva wake, bila kumtazama: "Pale nilipokuwa, ule mti ungelalia wapi?"

"Palepale, bosi," akajibu dereva.

Jumanne iliyofuata mwandishi alipiga simu nyumbani kwa Itikeni kujua hatima yake. Aliyepokea ni mkewe, kwa kuwa simu na mumewe hawaelewani siku hizi. Nyuma yake cherehani ilisikika ikizimwa.

"Barua imekuja," alisema. "Anabaki na kikosi chake. Na wamemwambia kila Jumatano aende akavifundishe vikosi vingine vitatu habari ya mikono. Nimemshonea vitambaa vyekundu vinne, na sitawadai."

Aliulizwa kama mzee ana mipango gani sasa. Akageuka, akapaza sauti ya shambani, na kwa mbali Itikeni akasikika akijibu kwa kirefu.

"Anasema anamfundisha Kimya kuongoza," mama akaleta jibu. "Anasema kazi ya sasa haitaki sauti, inataka macho, na Kimya ana macho kuliko wote. Mwaka wake wa mwisho anataka Kimya ndiye apulize filimbi, yeye asimame kwenye mstari ainue mkono kama wengine. Subiri, kuna lingine anasema."

Kwenye simu kikasikika kicheko.

"Anasema ule mti wa arobaini wameulaza jana, saa moja asubuhi. Na anakuuliza, Ijumaa mbona uliondoka bila kuinua mkono? Wenzake wote walirudi nyumbani. Yeye alibaki msituni mpaka giza linaingia, anamtafuta wa tisa."